Hadithi ya Ngamia Niliyoisimulia Shumaisi

Bosi wangu wa Riyadh alikuwa na ngamia kumi na wanne. Hakuwafuga kwa nyama wala kwa kuuza. Aliwafuga kwa sababu baba yake aliwafuga, na kila Alhamisi baada ya swala ya alasiri nilimwendesha kwenda kuwaona, mwendo wa saa moja na nusu nje ya mji, mahali palipokuwa na mahema mawili, tangi la maji na mchungaji Msudani. Bosi alikuwa akishuka kabla sijazima injini. Aliwakumbatia shingoni, akawabusu puani na kuzungumza nao kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia kwa watoto wake. Mimi nilibaki ndani ya gari na kiyoyozi. Natoka Kitui, kwa watu wa mahindi, mbaazi na mbuzi, na ngamia niliwajua kwa hadithi moja tu.

Siku moja tukijiandaa kuondoka kule, bosi alinipa chupa kubwa ya maziwa yaliyokamuliwa muda ule ule. "Yalla, wapelekee wenzako," akasema. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, siku yangu ya mapumziko, nikaipeleka mtaa wa Shumaisi, mjini Riyadh.

Shumaisi tulikuwa na chumba. Tulikikodi Wakenya wanne, ingawa aliyelala humo kila siku alikuwa mmoja tu. Sisi wengine watatu tulikuwa madereva, tulilala kwa makafili wetu, yaani waajiri waliotudhamini, na chumba tulikitumia Ijumaa kupika ugali, kufua na kupiga simu nyumbani bila mtu kutusikiliza. Huyo aliyelala humo alikuwa mlinzi wa ghala la vigae. Alitoka Isiolo. Alikuwa mrefu, mpole, Mwislamu kati ya Wakristo watatu, na kwa miaka miwili ndiye niliyekuwa karibu naye zaidi, labda kwa sababu sote wawili hatukupenda mpira.

Chupa ilipofunguliwa, yeye ndiye aliyekunywa kwanza. Alimaliza kikombe kizima polepole, akakiweka chini, akaniambia nisiyabebe tena kwenye plastiki, yanaharibika ladha. Kisha mmoja wa madereva akauliza kama ni kweli ngamia hung'ata. Hapo nikaona nafasi yangu.

Ni lazima nieleze hadithi ile ilikuwa kitu gani kwetu. Babu yangu mzaa baba alikuwa askari wa jeshi katika miaka ya mwanzo ya uhuru. Alipelekwa kaskazini kupigana na shifta, yaani wale waliotaka sehemu ile ijitenge na Kenya, akarudi mzima, akafa kabla sijazaliwa. Kila mwaka, siku inayofuata Krismasi, uzao wake wote hukusanyika kwenye boma lake. Picha yake akiwa na sare huondolewa ukutani na kuwekwa juu ya kiti. Medali yake huning'inizwa kwenye kona ya fremu, mzee wa kanisa huomba karibu na kaburi, kisha tunachinja mbuzi. Baada ya chakula husimuliwa hadithi ya babu na ngamia. Zamani aliisimulia baba mkubwa. Nilipofika miaka kumi nilimpokea kazi hiyo, maana ilionekana nina kipaji nayo kumshinda, na niliisimulia kila mwaka hadi nilipokuja Saudia.

Hadithi yenyewe ni hivi. Kikosi cha babu kinafika kisimani na kukuta ngamia wengi wa shifta. Inatoka amri wapigwe risasi wote, ili shifta wakose cha kunywa na cha kubebea mizigo. Ngamia wanaanguka. Mmoja, dume kubwa, hataki. Anapigwa risasi ya kwanza, anakohoa. Ya pili, anageuka kutazama ni nani anayemsumbua. Halafu anatembea taratibu hadi mbele ya babu, anainamisha shingo, anamvua kofia kwa midomo na kuanza kuitafuna. Babu, badala ya kufyatua, anashika ukingo wa kofia. "Nipe! Ni ya serikali!" Ngamia anavuta, babu anavuta. Mwisho ngamia anaondoka nayo, anapiga hatua chache, anapiga magoti na kufa bila kuitema. Babu anaadhibiwa wiki nzima kwa kupoteza kofia.

Niliigiza kila kitu. Babu alikuwa amesema kwamba dume lile lilikuwa na chapa ya moto shingoni, mstari mrefu, mwingine mfupi unaoukata, na kiduara chini yake. Niliichora chapa hiyo kwa kidole kwenye shingo yangu mwenyewe kabla ya kubinua midomo kama ngamia. Watoto wa kwetu waliisubiri, kwa kuwa walijua kinachofuata ni midomo.

Pale Shumaisi niliisimulia vizuri. Madereva wawili walicheka hadi mmoja akapaliwa na maziwa. Yule wa Isiolo alitabasamu kidogo.

"Babu yako alikuwa wapi huko?" akaniuliza.

"Sijui. Huko juu, kaskazini."

"Kaskazini ipi?"

"Kwa kweli sijui. Ni wakati wa shifta."

Akakubali kwa kichwa, akaosha kikombe chake, akatandika mswala, akasali. Hakuna zaidi lililotokea siku ile.

Nilijua kwamba anatoka Isiolo, na nilijua Isiolo iko kaskazini. Lakini shifta kichwani mwangu walikuwa watu wa kwenye hadithi, na sikuwahi kuwafikiria kuwa na majirani, wala wajukuu.

Ijumaa tatu zilipita. Hakunibadilikia kwa namna ambayo mtu mwingine angeiona. Aliniwekea chakula changu nikichelewa, aliniazima pasi yake. Ila kulikuwa na desturi yake ya kuniuliza habari za watoto wangu kabla sijavua viatu, na hiyo iliisha. Ijumaa ya nne nilimfuata juu ya dari alikokuwa akianika sare zake za ulinzi.

"Ndugu, kama nimekukosea, niambie."

Aliendelea kuanika. "Hukunikosea. Ulisimulia ulivyosimuliwa."

"Lakini?"

"Lakini wale ngamia hawakuwa wa shifta. Walikuwa wa watu."

Kisha akanieleza, kwa utaratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Wakati ule kwao huitwa Daba, maana yake kuzuiliwa. Watu wa upande wao walikusanywa wakawekwa katika kambi zenye uzio, wakakatazwa kwenda malishoni. Mifugo iliyoonekana nje ilichukuliwa kuwa ya adui na kupigwa risasi. Iliyokuwa ndani ilikufa kwa njaa. Babu yake aliingia kambini akiwa mwenye ngamia, akatoka na punda mmoja, akawa mchuuzi wa maji mjini hadi alipokufa. Shangazi yake, dada mkubwa wa baba yake, aliingia akiwa na miaka saba. Wadogo zake wawili walizikwa kule kule.

"Kwa hiyo shifta hawakuwako?" nikamuuliza. Leo naona lilikuwa swali la kujitetea.

"Walikuwako. Mjomba wake baba alikuwa mmoja wao. Nao pia walituchukulia ngamia, tutake tusitake. Sisemi hawakuwako."

Alitikisa shati la mwisho likapiga kama kofi, akalibana kwenye kamba.

"Shangazi yuko Jeddah," akasema. "Alikuja zamani kuhiji, akaolewa huko, akafiwa na mume, sasa anaishi na binti yake. Kila mwaka katika Shaabani, kabla ya Ramadhani, watu wetu walioko huko wanakwenda kwake kuwakumbuka wale wa Daba. Wewe si utaendesha gari la madam kwenda Jeddah mwezi huo? Nichukue. Na ukipenda, ingia."

"Mimi niingie kama nani?"

"Nimemsimulia habari ya kofia."

"Akasemaje?"

"Amesema nikulete."

Sikufurahi. Nilifikiria visingizio vya kutosha, na viwili vilikuwa vizuri kabisa. Lakini safari ilikuwa ya kweli: madam, mke wa bosi, na watoto walikuwa wanakwenda kwa ndege kumwona binti yao mkubwa aliyeolewa Jeddah, na walitaka gari liwe kule. Nilipomwomba bosi ruhusa ya kumchukua rafiki ili nisisinzie njiani, alijibu bila kuinua macho kwenye simu yake: "Awe na ikama yake. Halas." Ikama ni kibali cha ukaazi, na mwenzangu alikuwa nacho.

Tuliondoka baada ya swala ya alfajiri. Barabara ile ni ndefu na imenyooka, na kwa saa nyingi hakuna cha kutazama zaidi ya uzio unaozuia ngamia wasiingie barabarani. Ngamia wenyewe walikuwa upande wa pili, kwa makundi. Mwenzangu aliwataja rangi zao kwa lugha yake, neno moja kwa kila rangi, na pale ambapo mimi niliona ngamia wa kahawia tu yeye alikuwa na maneno matano. Tulipoanza kuteremka milima ya Taifu, nyani wamekaa ukingoni wakisubiri ndizi za wasafiri, nikamuuliza lile lililokuwa likinisumbua.

"Wanataka niombe msamaha?"

"Sijui wanachotaka. Shangazi ndiye aliyekuita. Ukipewa chai, imalize. Usianze wewe kuzungumza."

Jeddah nilishusha masanduku kwenye jumba la binti, mtaa wa Al-Hamra, nikasafisha gari, na madam akanipa ruhusa hadi Jumamosi adhuhuri. Kesho yake, baada ya swala ya Ijumaa, tulikwenda mtaa wa Kandara. Nyumba ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la masanduku na mablanketi. Mlangoni kulikuwa na viatu vingi. Wanaume walikaa sebuleni, kama saba hivi, wanawake chumba cha ndani, na mlango wa kati uliachwa wazi. Shangazi alikuwa ameweka kiti chake cha plastiki katikati ya mlango huo, akiziona pande zote mbili. Alikuwa mwanamke mwembamba, amevaa soksi nene ingawa kulikuwa na joto. Nilimwamkia, "Shikamoo, Mama." Akaitikia "Marahaba," akanitazama kwa muda, akaonyesha kwa kidevu mahali pa kukaa.

Hawakuiita hitima. Kwa majirani ilikuwa ni watu wa kwao wamekuja kunywa chai, na mambo yote yalifanywa kwa sauti ya chini, kwa sababu mji ule haupendi sana mikusanyiko ya kukumbuka wafu. Chai ililetwa. Ilikuwa ya rangi, haina maziwa, haina sukari. Kikafuata chano cha mahindi yaliyochemshwa, hayana chumvi wala mafuta. Mwenzangu alinong'ona kwamba hicho ndicho chakula cha kambini. Watu wale walikuwa wameishi kwa maziwa maisha yao yote; chai kavu na mahindi waliviona kwa mara ya kwanza ndani ya uzio. Msichana mmoja aliyezaliwa Jeddah alitafuna mahindi yake kama anayekunywa dawa, mama yake akamtazama, akaongeza mengine kwenye kisahani.

Walisoma Kurani, wakaomba dua. Kisha shangazi akaanza kutaja majina. Nilidhani ni majina ya marehemu, nikainamisha kichwa. Mwenzangu akanigusa goti. "Hao ni ngamia," akasema. Alitaja ngamia wa baba yake mmoja mmoja, kila mmoja kwa jina lake na jina la mama yake, na wale waliokuwa sebuleni walirudia kila jina kwa sauti ndogo. Ilichukua muda mrefu. Mzee mmoja aliyekaa karibu na dirisha alipokea, akataja wa kwao. Walipomaliza ngamia ndipo wakaja watu. Shangazi aliwataja wadogo zake wawili katikati ya orodha, kwa mwendo ule ule, hakusimama. Nisingejua ni wao kama mwenzangu asingeniambia baadaye garini.

Halafu akasema kwa Kiswahili, "Yule mgeni wa kofia."

Nilikuwa nimejiandaa. "Mama, kwanza naomba—"

Akainua mkono. "Simulia kwanza."

Nikasimulia. Nilijaribu kuisimulia bila maigizo, nikagundua sijui namna ya kufanya hivyo. Miaka yote nilikuwa nimeijaza kwa sauti na midomo, na nilipoviondoa, hadithi nzima haikufika dakika mbili. Hakuna aliyecheka. Kijana mmoja mwenye jezi, mfanyakazi wa gereji, alinikazia macho tangu mwanzo, nami nikaisimulia nikilitazama birika la chai. Nilipofika kwenye chapa, mkono wangu ulikwenda wenyewe shingoni, kwa mazoea, ukachora.

Shangazi akasogea mbele kwenye kiti. "Rudia hapo."

Nikarudia.

"Mpeni kalamu."

Nilipewa kalamu na boksi tupu la majani ya chai. Nilichora mstari mrefu, mfupi unaoukata, kiduara chini. Boksi likazunguka sebuleni, likaingia kwa wanawake, likarudi. Yakaanza mabishano kwa Kiborana, lugha yao, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti zilipanda. Mwenzangu alinitafsiria vipande vipande. Mzee wa dirishani alisema ni chapa ya ukoo fulani. Mwanamke mmoja ndani alisema hapana, inategemea iko upande gani wa shingo. Ikiwa kulia ni ya watu wengine kabisa, ambao hata leo hakuna anayejua ngamia wao waliishia wapi.

"Upande gani?" shangazi akaniuliza. "Umeonyesha kushoto."

Ilinibidi nifikirie. "Mama, mimi natumia mkono wa kulia. Nimeonyesha mkono unapofikia."

Alinielewa haraka. "Basi hujui."

"Sijui."

"Na kisima?"

"Sijui, Mama."

Yule kijana wa gereji akasema kutoka pale alipokaa, kwa Kiswahili safi cha Nairobi, "Na huko kwenu mnaicheka mpaka leo?"

"Ndiyo," nikasema. Sikuona namna ya kulikwepa.

Ndipo shangazi mwenyewe akapokea. Alitaka nimweleze tena jinsi ngamia alivyoichukua kofia, kwa midomo au kwa meno, na kama aliitafuna au aliinyonya. Nikamwambia tulivyosimuliwa ni kwamba aliitafuna, ila hakuitema.

"Alikuwa anatafuta chumvi," akasema. "Kofia ya askari imejaa jasho. Ngamia akikaa muda mrefu bila kupelekwa kwenye chumvi, atalamba hata ukuta. Hao walikuwa wamezuiliwa siku nyingi. Kulikuwa na mtu akiwachunga karibu na hapo, akiogopa kuwapeleka mbali." Akageukia wenzake, akalisema tena kwa lugha yao, na yule mzee wa dirishani akakubali kwa kichwa.

Nilikuwa nimeisimulia hadithi ile zaidi ya mara ishirini. Sikuwahi kujiuliza ngamia alitaka nini na kofia.

Wakati wa kuondoka niliomba msamaha, mlangoni, nikiwa na kiatu kimoja mguuni. Sikumbuki maneno yangu. Nakumbuka jibu lake. "Nimekusikia, mwanangu. Lakini mimi nataka kisima na upande wa shingo. Baba yako yu hai?"

"Yu hai."

"Muulize."

Nilimpigia baba siku ile ile, nimeegesha gari kando ya ukuta wa jumba la Al-Hamra. Baba ni mwalimu mstaafu, mtu wa maneno machache. Alisikiliza hadi mwisho.

"Nani anayeuliza?" akasema.

"Mama mmoja wa Isiolo. Alikuwa mtoto wakati ule."

"Anataka fidia?"

"Anataka kujua kisima."

"Achana na mambo hayo. Wewe umekwenda huko kufanya kazi." Akaniuliza hali ya joto, akakata.

Mwaka ukaenda. Mwenzangu alirudia kuniuliza habari za watoto wangu. Nadhani ilianza tukiwa bado njiani kurudi Riyadh, sikumbuki hasa. Kila baada ya majuma machache aliniletea salamu za shangazi, na salamu zilikuwa swali lile lile. Sikuwa na jibu, nikawa namwambia namngoja baba, na ilikuwa kweli.

Siku iliyofuata Krismasi niliomba ruhusa ya saa mbili, nikaenda Shumaisi, na alasiri nyumbani wakanipigia kwa video. Simu yao waliisimamisha juu ya kiti, kando ya picha ya babu, kwa hiyo niliwaona wote wakinitazama: baba wadogo, shangazi zangu, watoto wamekaa chini. Baba mkubwa, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, aliamuru kwa furaha, "Haya, tuletee ngamia!"

Niliisimulia nilivyoielewa. Nikasema kulikuwa na kisima, na ngamia waliokuwa na wenyewe, na kwamba kila mmoja alikuwa na jina. Nikasema wenyewe walikuwa ndani ya uzio, wanaume, wanawake na watoto, wakila mahindi bila chumvi. Nikasema dume lile halikutaka kofia, lilitaka chumvi. Sikubinua midomo. Mtoto wa dada yangu, alipoona nimepita pale pa midomo, aliibinua ya kwake kunikumbusha, wenzake wakacheka, kisha wakaacha. Shangazi yangu mmoja alianza kukusanya sahani.

"Mtandao wako mbaya," baba mkubwa akasema. Haukuwa mbaya. Uso wake ulikuja karibu na kioo. "Sikiliza, kijana. Siku hii ni ya babu yako. Shifta wana siku yao." Picha ikageuka, nikaona paa la mabati, kisha kukawa hakuna kitu.

Nilikaa pale kitandani. Mwenzangu alikuwa jikoni, alikuwa amesikia. Aliniletea chai ya maziwa, akarudi kupika.

Baada ya siku mbili baba alinipigia, jambo ambalo hulifanya kwa nadra, kwa kawaida mimi ndiye ninayepiga. Alikuwa nje; nilisikia mbuzi.

"Babu yako aliniambia habari ile mara mbili," akasema. "Mara zote mbili hakucheka."

Nikaibana simu sikioni.

"Ile ya kuvutana kofia aliongeza baba yako mkubwa. Mwaka wa kwanza baada ya mzee kufa, tulipokusanyika, mama yetu alilia hadi akakataa chakula. Ndugu yangu akataka kumchekesha. Akaigeuza. Mama akacheka, akala. Mwaka uliofuata mama mwenyewe akaiomba tena."

"Na babu aliadhibiwa kweli?"

"Aliadhibiwa. Aliniambia ni kwa sababu aliacha kufyatua, yule ngamia alipomfikia. Sasa, kama ni kweli au aliniambia hivyo ili nimwone mtu mwema, mimi sijui. Nilikuwa mtoto wake." Akakohoa. "Kisima kiko upande wa Garba Tula. Alisema kilikuwa na jiwe kubwa jeupe ukingoni mwake, na mti mmoja tu. Upande wa shingo hakuniambia. Mwambie huyo mama hakuniambia."

"Nitamwambia."

"Na baba yako mkubwa usimkasirikie."

"Sijamkasirikia." Na kweli sikuwa nimemkasirikia. Nilikuwa nikimfikiria nyanya yangu akikataa chakula.

Nilirekodi ujumbe wa sauti, nikamwomba mwenzangu autume Jeddah. Jibu lilikuja baada ya siku chache. Nilikuwa nje ya shule ya watoto wa bosi, kwenye foleni ya madereva, nikalisikiliza na kioo cha gari kimefungwa. Shangazi alisema kisima cha jiwe jeupe kinajulikana. Watu walikuwa wakinywesha pale kabla ya Daba, na baada ya hapo hakuna aliyetaka kukirudia. Kwa kuwa upande wa shingo haujulikani, hawawezi kusema ngamia wale ni wa nani, na mzee wa dirishani na yule mwanamke bado wanabishana. Kwa hiyo wameamua kwamba Shaabani inayokuja, wakimaliza majina wanayoyajua, watataja kisima, waseme: na wale wa pale, na mwenye kuwachunga. Alisema nisijisumbue kuja kama kazi hairuhusu.

Mwisho aliniuliza nina watoto wangapi, na kama wanakunywa maziwa. Kengele ya shule ililia, mageti yakafunguliwa. Nikabonyeza kitufe cha kurekodi, nikamwambia ni wawili, na kwamba wa pili hapendi maziwa kabisa, mama yake humlazimisha. Kisha nikasogeza gari mbele, kwa sababu dereva wa nyuma alikuwa ameanza kupiga honi.